Pasi ya Mlango

Ndugu wananchi, ninayo heshima ya kuwatangazia kwamba kuanzia sasa hakuna mlango uliotumika utakaopachikwa kwenye nyumba nyingine bila pasi ya kidijitali, yaani hati inayothibitisha ulikotoka. Nyumba ikivunjwa, mfumo wetu utavitafutia vifaa vyake makao mapya. Mimi ni Afisa Mwandamizi, Dawati la Milango. Siku ya uzinduzi nililia kwa furaha, hasa Mkurugenzi aliporudia usemi wake kwamba mlango wake uko wazi kwa kila mwananchi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mshonaji, amejitwika mlango kichwani. Chumba chake cha kazi hakikuwa na mlango, na cherehani inayolisha watoto wake wanne ilikuwa ikilindwa na mama mkwe, aliyekaa kizingitini na mwiko mkononi.

"Umetoka wapi mlango huu?"

"Nyumba ya shangazi. Imevunjwa juzi."

"Basi nyumba ije ithibitishe."

"Baba, si nimesema imevunjwa?"

"Mfumo haubagui, mama. Hata iliyovunjwa inaruhusiwa kuja."

Mlango ukawekwa stoo mpaka nyumba ijitokeze. Mama akaanza kulia, nami, kwa huruma, nikamwandikisha kwenye orodha ya wahitaji. Maana kila mlango wa ofisi za umma una kifaa kinachohesabu umefunguliwa mara ngapi. Usiofunguliwa miezi sita ni mali iliyolala, na hupewa mhitaji. Amri hutoka yenyewe, ikiwa na saini ya Mkurugenzi, aliyeitia mapema ili asisumbuliwe.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mafundi wawili walikuja na bisibisi zao wakaanza kuung'oa mlango wa Mkurugenzi.

"Mnajua mimi ni nani?"

"Tunajua, bosi," fundi akajibu, macho kwenye simu. "Lakini mlango huu haujafunguliwa tangu mwaka jana."

"Mimi napitia wa nyuma!"

"Huo tumeuona. Mara elfu mbili. Huo hatuugusi, una kazi nyingi."

Wageni wake maalumu nao hupitia huko, na hawaji mikono mitupu. Nikaikagua saini. Ilikuwa halali. Nikagonga muhuri, na sijawahi kugonga muhuri kwa raha kiasi kile.

"Mlango wangu urudishwe!" Mkurugenzi akafoka.

"Inawezekana, mheshimiwa. Jengo hili lije tu dawatini lithibitishe."

Tangu hapo mlango wake uko wazi kweli kweli. Wananchi wanaingia na malalamiko yao, wengine na viti vyao. Siku ya tatu akashindwa, akaniambia tukatafute wa kumshonea pazia.

Tukaelekezwa kwa mama mshonaji. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani cherehani ilikuwa ikiimba. Kibao cha shaba hakikuondolewa, kwa kuwa pasi inakihesabu kuwa sehemu ya mlango: MKURUGENZI. BISHA HODI, USUBIRI.

Mkurugenzi akabisha. Akabisha tena, kwa hasira.

"Nani huyo asiyejua kusoma?" mama mkwe akauliza kutoka ndani.

Akasubiri.