Jaketi za Mabomba ya Mowlem

Patrobas Opicho aliiona riziki yake kwenye simu ya mtu mwingine. Alikuwa kwenye foleni ya chai huko Mukuru kwa Njenga, akichungulia video ya bwana aliyesimama mbele yake, bila haya, kama tunavyofanya sote. Ilikuwa Ulaya. Theluji imefika madirishani, bomba la maji limeganda likapasuka, na mama wa Kizungu analia jikoni, maji yamemfika magotini. Yule bwana alisonya akatafuta video nyingine. Opicho hakusonya. Ilikuwa Juni, Nairobi nzima imevaa sweta juu ya sweta, na redio ilikuwa imesema Julai itakuwa kali kuliko ya mwaka jana.

"Kumbe paipu zetu ziko uchi," alijiambia, akatoka kwenye foleni bila chai.

Haki itendeke tuseme mapema kwamba Opicho alikuwa fundi wa mabomba kweli. Mikono yake ilikuwa mizuri. Shida ni kwamba mdomo wake ulikuwa mzuri zaidi, na mtu mwenye vipaji viwili hufuata kile kisichoumiza mgongo. Kwa mdomo huo alikuwa amewauzia watu wa Umoja dawa ya kusafisha tangi ambayo ilikuwa magadi yaliyotiwa rangi ya keki, na Dandora alikuwa amechukua dipozi za shawa kumi na moja akaenda kununua waya, na mpaka leo bado ananunua. Huko kote sasa alipita akiwa amefunika uso kwa kofia. Mtaa wa Mowlem peke yake ndio ulibaki haumjui. Akishindwa Mowlem, angerudi kusimama kwenye geti la kiwanda alfajiri akingoja kuchaguliwa kubeba magunia, na jambo hilo lilimtisha kuliko polisi.

Kwa hiyo alijiandaa kwa heshima inayostahili. Aliokota mabaki ya magodoro nyuma ya kiwanda, akayakata vipande virefu, akavifunga kwa nailoni nyeusi na tepu ya manjano. Aliazima koti jeupe kwa mchinjaji mmoja, akalifua mara mbili. Jumatatu asubuhi alibisha hodi kwenye ploti ya Mama Wanza, ghorofa nne, nyumba ishirini.

"Habari ya asubuhi, mama. Mimi ni Injinia Patrobas."

"Nani amekutuma?"

"Baridi, mama. Baridi ndiyo imenituma."

Mama Wanza alikuwa mjane wa Kikamba, mwimbaji wa kwaya, na mtu aliyejua bei ya kila kitu kuanzia msumari hadi jeneza. Kando yake alikaa bintiye Wanza, mwenye miaka thelathini na mbili, karani wa duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa chini ya ploti hiyo hiyo. Opicho alimpa mama simu yake aitazame ile video ya Ulaya, ambayo sasa alikuwa nayo mwenyewe, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliye matangani.

"Maji hulala ndani ya paipu usiku," alisema baadaye kwa sauti ya chini. "Yakishikwa na baridi yanavimba. Yakivimba, paipu inapasuka. Unaamka unapata nyumba ishirini zinaogelea. Lakini paipu ikivaa jaketi kama hii, hata barafu inyeshe, wewe unalala tu. Na unaandika hapo nje: nyumba zilizokingwa baridi. Mpangaji akisoma hivyo, ukipandisha kodi hawezi kuuliza."

"Nipandishe na ngapi?" Mama Wanza aliuliza, haraka kuliko mwimbaji wa kwaya anavyopaswa kuuliza.

Wanza ndiye aliyeinua kichwa. "Injinia, maji huganda kwa digrii ngapi?"

"Inategemea na maji, madam. Haya ya mgao hayana nguvu, yanaganda haraka."

Wanza aliandika jibu hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Opicho aliona kwamba amevutiwa.

Siku tatu zilizofuata alipima mabomba ya ploti nzima, Wanza akimshikia upande wa pili wa futi ya kupimia. Kwa kuwa binti wa mwenye ploti ni njia ya kufikia kabati la mwenye ploti, Opicho hakumnyima maneno matamu. "Mwanamke anayejua tofauti ya nusu inchi na robo tatu," alimwambia juu ya paa, wapangaji wakisikia, "huyo mtu anamweka ndani leo, hangoji kesho." Wanza alicheka na kuendelea kushika futi.

Jambo moja tu halikuwa kwenye mpango. Nyumba namba saba aliishi Khavere, mama kutoka Vihiga anayeuza mboga, na shawa yake ya umeme ilikuwa inampiga shoti tangu Machi. Alikuwa anaoga maji baridi asubuhi na kifua kinambana. Opicho aliingia kupima tu. Akaitazama ile shawa, akaguna, akazima swichi kubwa na kuvua koti. Alikaa humo saa nzima, akafunga upya nyaya zilizoachwa wazi, akaiunga na waya wa kupeleka umeme ardhini. Maji yalipotoka moto Khavere alinyoosha mkono chini yake akaanza kulia. Opicho hakumwitisha chochote. Hata mimi ninayesimulia nilishangaa, na nadhani yeye pia.

Siku ya Alhamisi walizungumzia dipozi.

"Mafundi wa Nairobi nawajua," Mama Wanza alisema. "Yule wa mwisho alikula dipozi akapotea. Nilibaki na kitambulisho chake, kumbe ni cha marehemu. Sasa mimi sitaki karatasi. Jumamosi niletee mbuzi watatu, wazima, wasio na kasoro, niwafunge hapa nyuma. Sisi Wakamba tunaamini mbuzi. Ukishawaleta tutaongea mambo ya pesa."

Najua msomaji wa Machakos, kwa Wakamba wenyewe, ameshaanza kucheka. Naomba awavumilie wengine nao wafike.

Opicho alipiga hesabu pale pale. Dipozi ya nyumba ishirini ingeweza kununua mbuzi kumi na wawili. Angeacha watatu, aondoke na thamani ya tisa, na Jumapili angekuwa Kitale ambako hana kesi. Ijumaa alikwenda Kiamaiko, akampata Yonis, mfanyabiashara wa mbuzi asiyetabasamu, na kwa mara moja mdomo wake haukumsaidia. Alitoa kila senti aliyokuwa nayo. Mbuzi walikuwa wazuri kweli.

Jumamosi alifika akiwavuta, ndani ya suti. Alikuta uani pamefungwa hema, viti vimepangwa, wanawake wa kwaya wamevaa sare, na sufuria kubwa ya pilau inatoa moshi. Opicho alifurahi. Aliwaza kwamba Mama Wanza anazindua mradi, na yeye alipenda hadhira kama mtoto anavyopenda soda. Mbele alikaa Ndambuki, kaka mkubwa wa Mama Wanza, mchonga vinyago mstaafu, fimbo mkononi.

"Kijana, hawa mbuzi ni wako?"

"Ni wangu, mzee."

"Kuna mtu amekulazimisha kuwaleta?"

"Hapana, mzee. Ni moyo wangu tu."

"Na huyu Wanza unamjua?"

"Namjua sana. Wiki nzima tumekuwa pamoja kwa paa."

Hema lote liliangua kicheko. "Wanza," mzee aliuliza, "tuwapokee hawa mbuzi?"

"Wapokeeni," Wanza alisema.

Vigelegele vikapanda hadi ghorofa ya nne, na mbuzi wakapelekwa nyuma. Opicho alikuwa bado anapunga mkono pale Khavere alipomsogelea na kumnong'oneza.

"Hongera, ndugu yangu. Sisi watu wa magharibi tunapeleka ng'ombe, ndiyo maana naona hujaelewa. Hao mbuzi watatu wanaitwa ntheo. Kwa Wakamba wakishapokelewa, umeoa."

Opicho aliushusha mkono aliokuwa anaupunga. Lakini mdomo ulikuwepo bado. Aligeuka amkabili Mama Wanza, amwambie dipozi ni dipozi na mbuzi ni mbuzi. Mama Wanza alikuwa amejifunika leso hadi puani na kumgeuzia mgongo. Na hapo Opicho, bila kuambiwa na mtu, aliinamisha macho na kurudi nyuma hatua tatu. Kwao Bungoma mama mkwe haangaliwi usoni, hapewi mkono, sembuse kubishana naye bei. Alikuwa amewadanganya mapasta watatu bila kukosa usingizi, ila hili lilikuwa kwenye damu. Angeweza kukana kwamba yeye ni mkwe, lakini hapo angelazimika kuwaeleza watu arobaini mbuzi walikuwa wa nini.

Akajipenyeza hadi getini. Wanza alikuwa amefika kabla yake, na geti alikuwa amelifungua wazi.

"Ukitaka kwenda, nenda," alisema. "Mbuzi watabaki."

"Wanza, paipu za Nairobi haziwezi kuganda."

"Najua. Nilijua Jumatatu."

"Sasa mbona hukuniitia watu?"

"Nilitaka. Mama alikuwa ashatafuta mpaka kamba ya kukufunga." Aliangalia chini, na sauti yake ikapungua. "Halafu nikakuona kwa Khavere. Saa nzima, na hakuna mtu alikuwa anakuangalia isipokuwa mimi mlangoni. Nikamwambia Mama aache kamba, aitishe mbuzi. Wanaume wameniletea maneno miaka kumi, Opicho. Hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona akitengeneza kitu."

Opicho alitafuta jibu la kumpendeza. Yalikuja matatu, yote mazuri, na yote yalimtia aibu. Barabara ilikuwa wazi, na Kitale ilikuwa pale pale inapokuwa siku zote.

Mwanamke mmoja wa kwaya alikuja akinong'ona sikioni mwa Wanza. Wanza alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akamgeukia.

"Mama hawezi kuongea na wewe tena, ni mwiko. Kwa hivyo anauliza kupitia kwangu. Shawa zingine kumi na tisa pia zinapiga watu shoti. Mkwe wake ataanza leo, ama Jumatatu?"

Opicho alivua koti la suti akampa Wanza alishike.

"Mwambie azime swichi kubwa," alisema.