Chaza Mgonjwa na Ahadi ya Mwaka Mzima

Jumatatu, 14 Julai 2025

Vita vimetangazwa. Asubuhi, kwenye grupu la mtaa, Bwana Praygod, afisa mifugo aliyehamishiwa Mbinga kutoka Kilimanjaro, ameweka picha ya pampu yake ya kuchuja maji na kuandika kwamba tangi la samaki lisilo na pampu ni bwawa la vyura. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Mtaa mzima una tangi moja tu la kioo, liko sebuleni kwangu, lina samaki kumi na mmoja wadogo wa mawe kutoka Liuli na, tangu Ijumaa, chaza mmoja wa ziwani, mpana kama kiganja changu.

Nimejibu kwa aya tisa. Nilianza na Wayunani. Nikaeleza kwamba chaza hunywa maji machafu na kuyatoa safi kutwa nzima, bila umeme, bila posho, bila semina. Nikamaliza kwa changamoto: Jumamosi saa nne waje wote. Maji yatakuwa maangavu kiasi cha kusoma gazeti lililowekwa nyuma ya tangi. Nikishindwa, nanyamaza grupuni mwaka mzima.

Mke wangu Vitalia ameisoma. Akauliza kwa nini sikuahidi kitu chepesi, kama kuacha kula.

Praygod amejibu neno moja: sawa. Halafu akaipiga picha ahadi yangu. Watu hamsini na wawili wameweka dole gumba. Sielewi furaha yao inatoka wapi.

Jumanne, 15 Julai

Chaza anaumwa. Magamba yameachana kidole kizima, na ukimgusa hafungi papo hapo kama Ijumaa. Anafikiria kwanza. Maji bado ya kijani.

Vitalia amezaliwa Liuli, kando ya ziwa, ameogelea kabla ya kutembea. Anasema chaza hukaa amejifukia mchangani, mimi nimemweka juu ya jiwe kama sanamu. Ni kweli nimemweka juu ya jiwe. Wageni watamwonaje akiwa amefukiwa? Na mchanga sina, niliutoa mwezi uliopita, unachafua maji. Nilimweleza kwa upole kwamba kukulia karibu na kitu si sawa na kukisoma. Akasema, basi soma, Baba Hilari, akaenda kuchuma kahawa peke yake.

Nimesoma mpaka simu imepata moto. Huko nje wapo wanaofuga chaza wa miamba ya baharini majumbani. Mgonjwa hupewa mwanga mkali na maji yenye chumvi iliyopimwa. Wangu ni wa ziwani, najua, lakini chaza ni chaza. Mimi ni Mmatengo hapa Mbinga na nikienda Dar es Salaam ni Mmatengo vilevile.

Nimening'iniza taa ya vifaranga juu ya tangi. Chumvi nimeanza na vijiko vitatu.

Jumatano, 16 Julai

Jana maji yalikuwa kama chai hafifu ya mchaichai. Leo ni kisamvu. Nimeongeza taa ya pili. Adui akikaza, na wewe unakaza.

Samaki wote wamejificha nyuma ya jiwe. Waoga.

Nimemwita Praygod. Wasiojua mbinu watashangaa. Akimponya chaza, nimeshinda. Akishindwa, serikali nzima imeshindwa pamoja naye. Alikuja na koti jeupe na daftari la mifugo. Akauliza jinsia ya mgonjwa. Nikamwambia hilo ndilo nililotegemea kulisikia kutoka kwake. Akaandika: haijulikani. Akauliza kama anacheua. Akazitazama taa zangu mbili kwa muda, akasema, Mwalimu, mwanga huu ndio unaootesha huo ukijani, ni kama kuupigia mbolea.

Wivu wa kitaaluma. Niliacha ualimu kwa sababu ya msimamo, na bado naujua wivu ukiingia mlangoni. Alipotoka alisema ameshaanza kuonja utamu wa kimya changu.

Jioni nikageukia mbinguni. Nilimtumia ujumbe Mama Gaudiosa, mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, kuomba sala kwa ajili ya mgonjwa aliyemo nyumbani kwangu, hali si nzuri, hatamki neno, chakula hagusi. Hakuna uongo hapo hata wa herufi moja.

Alhamisi, 17 Julai

Jumuiya nzima imekuja.

Watu ishirini na mmoja. Unga, sabuni, sukari, mkungu wa ndizi, kuku mmoja hai. Mgonjwa akitangazwa kwetu, watu huja, nani asiyejua? Mimi nilidhani watasubiri Jumapili. Nao hawakuona haja ya kuuliza mgonjwa ni nani. Mume akitangaza mgonjwa, watu hujua ni mke wake. Vitalia alikuwa shambani tangu alfajiri, kwa hiyo hakuna aliyemwona njiani, na hilo likawathibitishia.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina. Wakaketi, wakaimba ubeti, wakaomba wapelekwe chumbani kwa mgonjwa. Nikasema yuko hapa hapa. Wakatazama kochi. Nikawaonyesha tangi.

Mama Gaudiosa alivaa miwani. Aliinama hadi pua ikagusa kioo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, Mwalimu, tumeacha kahawa juani tuje kumwombea konokono? Nilimsahihisha. Konokono ana gamba moja, huyu ana mawili. Haikusaidia. Na hapo ndipo Vitalia alipoingia, mzima kama kengele, kikapu cha kahawa kichwani. Mama mmoja aliyekuwa ameshaanza kulia alipiga kelele, akashika rozari.

Hata hivyo, utaratibu ni utaratibu. Walisali. Baba Yetu moja, Salamu Maria tatu. Mama Gaudiosa akatoa nia: kwa ajili ya kiumbe huyu, na kwa mwenye nyumba, ambaye hali yake inaonekana mbaya zaidi. Zawadi wakamwachia Vitalia. Kuku waliondoka naye.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi nilimgusa chaza, nikahesabu hadi thelathini ndipo akafunga, tena nusu.

Nilikaa mbele ya tangi nikauona mwaka mzima uliopo mbele yangu. Watabishana kuhusu mbolea na mimi nipo, nasoma, siandiki. Watakosea tarehe za historia. Mtu ataandika tangazo la kikao bila ajenda, na hakuna atakayemkemea. Nilimwambia chaza maneno ambayo hata mwanangu Hilari sijawahi kumwambia. Nilimwambia namtegemea.

Nikammiminia kikombe kizima cha chumvi. Vitalia alikuwa mlangoni, ananitazama. Akasema mashine ya kumenyea kahawa imeharibika, niipeleke kwa fundi kule Mbuji, nisirudi mpaka ikamilike. Fundi aliizungusha mara tatu, akasema haina ugonjwa wowote. Nilibishana naye hadi saa kumi.

Nimerudi, na ajabu ni hii: maji yanang'aa! Chaza ameshuka mwenyewe kutoka kwenye jiwe. Chini kuna mchanga, na yeye amejifukia, mdomo tu ndio unaonekana. Nilipogusa alifunga kama mtego. Kikombe kile cha chumvi kimefanya kazi ya wiki nzima kwa saa sita. Mchanga, Vitalia anasema aliuchota mtoni kwa ajili ya urembo tu. Taa amezizima kwa sababu ya macho. Sakafu ina maji, migomba nyuma ya nyumba imelowa, na ndoo zetu zote zimeanikwa. Amefanya usafi kwa ajili ya wageni. Mke mwema.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeshinda.

Sebule ilijaa mpaka barazani. Praygod mwenyewe aliweka gazeti nyuma ya tangi na kusoma kwa sauti tangazo la hati iliyopotea, hadi nambari ya kiwanja. Akanipa mkono. Ni muungwana, hilo nalikiri, sasa kwa kuwa ameanguka.

Kisha akaziangalia ndoo, akamwangalia Vitalia, akamuuliza kitu pembeni. Nilisikia jibu tu. Alisema, mwaka mzima bila grupu, shemeji, angekuwa anaongea na nani humu ndani?

Imenigusa. Anauhofia upweke wangu.

Jumapili, 20 Julai

Nimeandika aya kumi na saba: jinsi chumvi na mwanga vinavyoponya maji, na vyote vilivyomo. Baada ya Misa Mama Gaudiosa alimjia Vitalia. Bwawa lake la perege kule Mbuji limekuwa la kijani, watu wa ziwani hufanyaje? Vitalia alifungua kinywa. Nikamwahi. Nikatangaza pale pale uwanjani kwamba naliponya kufikia Jumamosi, nikishindwa nanyamaza miaka miwili. Praygod alikuwa ameshatoa simu kabla sijamaliza sentensi.

Vitalia alikaa chini, kwenye ngazi za kanisa, na nguo yake ya Jumapili.

Nimeshafunga mzigo kwenye pikipiki. Taa nne, gunia moja la chumvi, kilo hamsini. Perege wako mia tatu. Sidhani kama gunia moja litatosha.