Mtaalamu wa Joto na Chupa ya Chai

Elimu yote ya dawa aliyokuwa nayo Profesa aliisoma mgongoni mwa chupa ya dawa ya kikohozi, siku aliyolala na mafua akakosa kingine cha kusoma. Chupa ilisema: weka mahali pakavu, pasipo joto, mbali na mwanga, funga kizibo vizuri. Mtu wa kawaida angekunywa akalala. Profesa aliona ajira.

Cheo cha uprofesa alipewa na wenzake wa kijiweni, na wala si kwa heshima. Alikuwa akiishi chumba cha uani kwa dada yake, muuza mitumba, mwanamke mpole mpaka pale utakapogusa pikapu yake. Asubuhi hiyo, baada ya kubembelezwa wiki nzima, dada alimpa funguo.

"Saa tisa gari liwe hapa, na wewe uwe na la maana mkononi. La sivyo, tafuta pa kulala."

"Dada, huniamini?"

"Imani niliimaliza mwaka jana. Saa tisa."

Profesa alikwenda moja kwa moja kwenye famasia aliyoipeleleza juzi, aliponunua plasta ya kisigino. Aliliona jua likiingia dirishani na kuzipiga chupa za watoto pale rafuni, na mwenye duka, Mama Dawa, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, akijipepea kwa kipande cha boksi. Mjane, mnene, mpole. Roho ya Profesa ilisuuzika.

Sasa alirudi amevaa koti jeupe la rafiki yake kinyozi, nywele za wateja zikiwa bado kwenye kola. Begani alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba kipimajoto na chupa ya chai ya moto. Chai ndiyo iliyokuwa mtambo wenyewe. Ukikizamisha kipimajoto humo kwa siri, kikitoka huwa kimeshasema unachotaka.

"Ukaguzi wa ubora wa dawa," alisema, kwa sauti ya mtu anayelipwa marupurupu. "Nionyeshe stoo, mama."

Stoo ilikuwa nyuma, chumba kidogo kilichojaa maboksi hadi darini. Profesa alijiinamia kwenye mkoba wake, akazamisha, akatoa, akaguna kama daktari aliyeona picha mbaya ya mapafu.

"Nyuzi hamsini na mbili. Mama, hapa unauza dawa au unazipika?"

"Yarabi toba," Mama Dawa alijishika kifua. "Na joto lina ubaya gani, mwanangu?"

"Joto linaivunjavunja dawa ndani kwa ndani, nje huoni kitu. Mwanga nao unaichosha. Unyevu unaivimbisha, hewa inaichachua. Mgonjwa anameza, anadhani ametibiwa, kumbe amemeza chaki. Kwa sheria ningefunga duka." Alishusha pumzi ya huruma. "Lakini wewe ni kama mama yangu. Nitazichukua mwenyewe nikaziteketeze, bure, yaishe kimyakimya."

Mama Dawa alipangusa macho kwa ncha ya khanga. Wala hakubisha, jambo ambalo lingemshtua tapeli yeyote mwenye akili timamu.

"Chukua, baba. Na yale ya kule kona usiyaache. Na hayo ya chini ya meza. Mwokaji wa jirani atakusaidia kubeba."

Mwokaji, jitu la mikono ya unga, alibeba maboksi manne kwa mpigo. Profesa alipakia kwa pupa hadi pikapu ikakaa chini kama mjamzito. Kwa haraka hiyo hakugusa ukuta wa stoo hata mara moja. Angeugusa angeungua, maana upande wa pili kulikuwa na tanuri la mikate, na lilikuwa likiwaka usiku na mchana. Maskini, chai aliichemsha bure.

Mteja wake alikuwa ng'ambo ya mji, mzee wa duka la dawa za jumla aliyesifika kwa kutouliza maswali. Mzee alifungua boksi la kwanza, akanusa.

"Vidonge vya kichwa vinanuka siki."

"Ni toleo jipya," alisema Profesa.

Boksi la pili lilikuwa la zile dawa za kuingizwa nyuma. Zilikuwa zimeyeyuka zote, zikagandana tena zikawa mshumaa mmoja mnene kama mchi. Mzee aliuinua, akauzungusha, akamtazama Profesa kwa masikitiko.

"Na huu unamwingiza nani?"

Profesa alimsogezea haraka boksi la tatu.

"Mimi siulizi maswali," mzee alisema, "lakini pua ninayo. Mama mmoja jirani na mwokaji aliniletea mzigo huuhuu juzi, nikamfukuza. Kuuteketeza kihalali ni ghali, ndiyo maana alikuwa anahangaika. Sijui alimpata fala gani."

Saa nane ilikuwa imepita. Profesa alirudi mbio, jasho likimchuruzika ndani ya koti la kinyozi. Famasia ilikuwa na wageni wawili wenye vitambulisho shingoni, na mwokaji ameegemea mlango.

"Huyo hapo," Mama Dawa alisema kwa furaha ya kweli. "Ndugu wakaguzi, ndiye mwenzenu niliyewaambia. Amezichukua zote kwa hiari yake, mwokaji shahidi."

"Mama, nimeona nikurudishie..."

"Unirudishie sumu? Si ulisema ni chaki, mwanangu? Niwauzie watu chaki?" Alinyoosha mkono rafuni. "Halafu ulisahau chai yako pale stoo. Bado ya moto. Nimekuongezea sukari."

Mkaguzi mmoja aliipokea chupa, akaifungua, akakitazama kipimajoto mkobani, akatabasamu polepole. Yule wa pili aliomba funguo za pikapu. Safari ilikuwa ya kwenye tanuri la serikali la kuteketezea dawa, kwa gharama za mchukuaji, na gari lingebaki huko mpaka alipe. Ya polisi yangefuata baadaye.

Profesa aliketi nyuma juu ya maboksi yake, simu ikaita.

"Saa tisa na robo," alisema dada. "Gari langu liko wapi?"

Profesa alitafuta uongo, akauona umekauka. "Dada, wallahi, liko na wakaguzi wa serikali. Tunakwenda kuchoma dawa zilizoharibika kwa joto."

Dada aliguna.

"Zamani ulikuwa unadanganya vizuri," alisema dada. "Nguo zako utazikuta nje."