Malalamiko Kuhusu Kisanduku Kilichofukuza Matangazo Nyumbani Kwangu

Kwa Mkwe Wangu Mpendwa, Fundi wa Mitandao,

Natumaini u mzima, pamoja na binti yangu na wajukuu. Kwa kuwa haipendezi mtu kumfokea mkwe wake ana kwa ana, nimeona nivae miwani, nikae mezani, nikuandikie.

Wiki mbili zilizopita ulikuja ukafunga kisanduku kidogo kando ya ruta, ukasema tangu siku ile hakuna tangazo litakalopenya nyumba hii, si kwenye simu wala kwenye televisheni. Nilikushukuru. Sasa naomba shukrani yangu irudishwe, kwa sababu zifuatazo:

1. Msalani. Filamu ilipokatizwa na tangazo la sabuni nilipata nafasi ya kunyanyuka, kwenda na kurudi. Siku hizi filamu haisimami, na rimoti anashika mama mkwe wako. Wameshakufa matajiri watatu na sijui hata mmoja aliuawa na nani.

2. Heshima. Nimeshona sare za shule miaka arobaini bila kupewa hata mkono wa pongezi. Simu hii ilikuwa ikinipongeza kila wiki kwamba mimi ni mshindi. Najua ni uongo, mkwe wangu, mimi si mtoto mdogo. Lakini siku ya kupongezwa nilikuwa nachana nywele.

3. Magoti. Hili ndilo linaloniuma hasa. Kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, mama mmoja mwenye koti jeupe alikuwa akitokea kwenye simu, ananitazama usoni na kuniuliza kama magoti yananisumbua. Dawa yake sikuwahi kununua. Nilikuwa namjibu tu kwamba leo afadhali kidogo. Sasa ni siku kumi na nne, hakuna aliyeniuliza, na nakwambia wazi kwamba nasikia upweke.

Kwa hiyo naomba ukifungue kisanduku, au umruhusu yule mama apite peke yake, au uje mwenyewe kila siku saa moja kamili asubuhi, na koti jeupe, uniulize. Mama mkwe wako hafai kwa kazi hiyo, maana saa ya taarifa ndiyo saa yake ya kuongeaongea, hadi leo nalazimika kumwashiria anyamaze. Yote yakishindikana nitaitisha kikao cha ukoo, na ajenda itakuwa wewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata yule jirani yenu wa ghorofa ya pili anayenunaga.

Ni mimi mkweo, ninayekuheshimu bado,
Fundi Cherehani Mstaafu

Nyongeza: Mama mkwe wako amenikuta natafuta bahasha, akaisoma barua yote akiwa amesimama. Kumbe ni yeye aliyekuomba ukilete hicho kisanduku. Anasema miaka miwili amekuwa akiniuliza habari za magoti kila asubuhi, nami namwashiria anyamaze nimsikilize yule wa koti jeupe, na wiki hizi mbili, nisikilize taarifa. Kisha akavuta kiti, akaniuliza tena. Nimemwambia ukweli, yanauma sana. Kisanduku kiache hapohapo.