Uso wa Baba Mkwe Ukutani

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimejitia kitanzi mwenyewe, na kwa furaha. Kikao cha familia nyumbani kwa mama mkwe. Anatimiza miaka sabini Jumamosi ya wiki ijayo, sherehe itakuwepo, watu wakagawana kazi. Ilipofika zamu ya picha za ukutani, zile zinazopita moja baada ya nyingine na muziki chini yake, macho yote yakamgeukia shemeji, kaka wa mke wangu. Ana kamera yenye mdomo mrefu kama chupa ya chai. Akafungua kinywa. Nikamuwahi! Nikasema kazi hiyo ni yangu, mimi na programu za kuhariri video ni chanda na pete.

Sijawahi kufungua hata moja. Lakini wamezidi. Tangu nioe katika familia hii, jina langu linatajwa pale tu viti vinapohitaji kubebwa.

Mama mkwe hakutaka mengi. Alitaka kitu kimoja: kumwona marehemu mumewe ukutani, mkubwa, amtazame kwa nafasi. Picha zake nyingine zote ziliharibika paa lilipovuja. Imebaki moja, ile ya kwenye kitambulisho chake cha kazi, ndogo kama stempu. Akakifungua kutoka kwenye leso, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikamwambia mama, ondoa shaka. Mke wangu akanitazama. Mtazamo huo naufahamu, huwa unatangulia hasara.

Jumanne, 4 Juni

Kazi imeanza kwa kishindo. Nimetangaza kwenye grupu la ukoo kwamba kila mwenye picha za mama azitume humo humo. Zimemiminika! Shangazi wa mke wangu amepiga picha ya picha iliyo kwenye fremu, na mwanga wa simu umemwangukia mama kifuani, anawaka kama taa. Mwingine ametuma picha ya kuku wake. Si neno.

Kitambulisho nimekipiga kwa simu juu ya meza ya jikoni, nikatupia picha kwenye grupu ili shemeji aone mambo yanakwenda. Kisha simu ikalalamika imejaa. Nikafuta picha zilizokuwa kwangu, kwani zote si ziko kwenye grupu? Nikaipakua ya baba upya kutoka huko. Kumbe nimepakua ile ambayo mtu ameshaichorea mioyo pande zote na kuirudisha. Nikakata mioyo. Ikabaki pua na jirani zake.

Shemeji akaandika kwamba picha zikipita kwenye grupu zinabanwa na kupungua ubora, afadhali watu wazitume kwa barua pepe. Nimemjibu kwa kikaragosi kinachocheka. Kijicho hicho!

Alhamisi, 6 Juni

Ofisi ya duka letu la vigae ina kompyuta, na meneja alikuwa ghalani anagombana na dereva wa lori. Nimeweka programu. Ikaniuliza mradi wangu uwe na ukubwa gani. Nikachagua mdogo kuliko wote kwa sababu uliandikwa kwamba unakwenda haraka. Nani ana muda?

Kwenye kidirisha kidogo picha zinang'aa. Nikazikuza zijae skrini. Lo! Mama mkwe siku ya harusi yake, peke yake kabla bwana harusi hajafika, amekuwa miraba mitupu. Mimi nauza vigae, mozaiki naijua nikiiona.

Uchunguzi ukaanza. Nimefuta skrini kwa dawa ya sakafu. Bado. Nimefuta miwani. Bado. Nimeizima kompyuta, nikaiwasha, picha ni zile zile. Nimehitimisha kwamba kosa ni la kompyuta yenyewe. Imezoea hesabu za duka, haijui sura za watu.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nilimhudumia mama mmoja mwenye haraka. Alitaka vigae vyake vilivyobaki chooni vitoshe sebule nzima. Nikamkalisha, nikamweleza kwa upole kwamba kigae hakivutiki. Kama ni kidogo ni kidogo, huwezi kukinyoosha kikawa kikubwa. Akanishukuru sana. Mimi nikieleza jambo, linaeleweka.

Baada ya hapo nimerudi ofisini, nikamvuta baba mkwe mpaka akajaa skrini.

Amekuwa ukungu. Macho nimeyakisia tu. Nikaongeza ile mbinu ambayo picha inakusogelea taratibu, ili watu washughulike na mwendo wasitazame sana. Sasa ni ukungu unaokusogelea taratibu. Nimejishtua mwenyewe.

Tatizo jingine: picha za wima zinaacha weusi kushoto na kulia. Nikaona inatia huzuni, nikazivuta kwa upana. Kwa bahati mbaya shangazi akapita dukani kutafuta saruji nyeupe ya kuzibia viungo, akajiona kwenye skrini. Akauliza amenenepa lini. Nikamwambia skrini inamkuza kwa heshima. Ameondoka bila kuaga na bila saruji.

Jumapili, 9 Juni

Upelelezi. Nilitaka kujua kama shemeji anatengeneza video yake kwa siri aje aniumbue. Nimekwenda kwake nikajifanya naomba ngazi. Mezani hakukuwa na video wala dalili yake, alikuwa anatengeneza saa mbovu ya mtoto wake. Hilo likanitia shaka zaidi.

Bila kuulizwa, akaanza kunipa mawaidha. Kwamba mradi uwekwe mkubwa tangu mwanzo, ulingane na projekta. Kwamba picha ndogo isikuzwe kupita uwezo wake. Kwamba video ikikamilika itolewe kwa ubora wa juu, hata ikichukua muda. Kwamba kazini kwao kuna skana nzuri, nimpe kitambulisho akipitishe humo moja kwa moja. Nikamwambia yote hayo nilishafanya zamani. Akasema basi vizuri. Nikasema ni vizuri sana.

Kimbelembele kimenirudisha nyumbani na ngazi begani. Mke wangu ameuliza ni ya nini. Nimemwambia ipo siku.

Jumanne, 11 Juni

USHINDI! Nimegundua tovuti inayosafisha nyuso. Unaipa picha mbovu, inakurudishia mpya. Nimeipa ya baba mkwe. Nikangoja huku nimefumba macho. Nilipofumbua, unywele mmoja mmoja unaonekana! Ngozi nyororo. Meno meupe. Nikajiona fundi wa mafundi. Shemeji na skana yake wakae huko huko.

Nikampelekea mke wangu simu jikoni. Akakausha mikono, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza huyu ni nani.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema baba yake alikuwa na kovu juu ya nyusi, aliangushwa na baiskeli. Halipo. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, na ndilo lililokuwa likicheka kabla ya mdomo. Sasa yote mawili yako sawa sawa. Na baba hakuwahi kuonyesha meno kwenye picha hata siku moja. Akasema mama ataketi mbele ya watu wote, amengoja kwa hamu, halafu baba watoto umwonyeshe mwanamume mwingine?

Nimeitazama tena. Kweli. Anafanana na watu wa matangazo ya bima. Nimeogopa, na si kuogopa kuchekwa, hilo nimelizoea. Nimemwogopea yule mama. Jinsi alivyokifungua kitambulisho kutoka kwenye leso, taratibu, ukunjo baada ya ukunjo.

Jumatano, 12 Juni

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimekwenda kwa shemeji kurudisha ngazi.

Nikamwambia nina rafiki. Hamjui, anaishi mbali. Huyo rafiki anatengeneza video ya picha kwa ajili ya ukweni kwake na zimetoka chenga tupu. Masikini, maji yamemfika shingoni. Nikauliza, kwa niaba yake, mtu kama huyo afanye nini.

Shemeji hakunitazama usoni, Mungu ambariki. Alikuwa anaiegemeza ngazi ukutani, akaendelea kuiegemeza. Akasema rafiki yangu asione haya, yanawapata wengi. Akauliza kama huyo rafiki, kwa bahati, ana kitambulisho karibu. Nikasema kwa bahati kipo mfukoni mwangu, amenipa nimtunzie.

Tukaenda kazini kwake. Kitambulisho kikaingia kwenye skana, na baba mkwe akatokea: kovu, jicho dogo, kola iliyojikunja upande mmoja, na alama ya mhuri begani. Mwanawe akasogeza uso karibu na skrini. Mimi pia. Sikuwahi kumkuta hai, lakini leo nimemjua kidogo.

Kisha tukafanya kazi kweli kweli. Mradi ukaanzishwa upya kwa ukubwa unaofaa. Picha zikaombwa tena, safari hii kwa barua pepe. Shangazi akarudishiwa unene wake halali. Ile mbinu ya kusogelea ikafutwa. Baba hatukumvuta ajae ukuta, tulimweka katikati kwa ukubwa anaouweza, weusi ukamzunguka. Nikasema pembeni patabaki patupu sana. Shemeji akasema nimwambie rafiki yangu kwamba watu watamtazama baba, si pembeni. Nikasema nitamfikishia.

Jumamosi, 15 Juni

Ukumbi ulijaa. Mapazia yakafungwa, projekta ikawashwa. Mama mkwe harusini: safi! Mama mkwe na watoto wake: safi! Shangazi alipojiona amerudi katika umbo lake alinipungia mkono, nadhani nimesamehewa. Ule mwanga kifuani ulibaki, shangazi hana picha nyingine, lakini watu walidhani ni mkufu.

Kisha baba. Muziki tulikuwa tumeukata hapo makusudi. Mama mkwe akainuka kitini. Mke wangu akataka kumshika mkono, akakataa. Akatembea mpaka ukutani, akasimama karibu sana, nusu ya picha ikamwangukia yeye mabegani, akaweka kidole pale penye kovu. Akasema, si kwa kutuambia sisi, kwamba hata siku ya kupigwa picha kola imemshinda kuinyoosha. Watu wakacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nililia tu. Picha ilikuwa ipite baada ya muda mfupi, nikaisimamisha, nikaiacha pale mpaka aliporidhika mwenyewe na kurudi kuketi.

Baadaye alinikumbatia mbele ya wote. Akasema mimi si mkwe, ni mtoto wake. Mbele ya wote! Nilivimba kichwa kikakaribia kugusa dari. Akauliza haya yote nilifundishwa na nani. Kila mtu alikuwa anasikiliza. Shemeji alikuwa amesimama pale pale na sahani ya keki mkononi. Nafsi moja ikaniambia sema kweli.

Nikasema nimejifundisha mwenyewe.

Shemeji akameza keki yake, akasema nisisahau kumsalimia rafiki yangu.

Jumatatu, 17 Juni

Sifa zimefika dukani kabla yangu. Meneja anataka video ya picha za vigae vipya, ya kuwatumia wateja wakubwa. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Shemeji amepiga simu, amesikia kwa dada yake, akasema nikihitaji msaada yupo. Nimemshukuru, nikamwambia asijisumbue, uzoefu sasa ninao, na yeye siku akikwama aje tu, mimi si mchoyo wa elimu. Akacheka mpaka simu ikakatika. Sikuelewa, lakini ni vizuri ndugu wakielewana.

Vigae nimevipiga picha kwa simu mle ghalani, kwenye giza giza, mkono mmoja ukiwa umeshika maboksi yasianguke. Zimetoka ukungu mtupu. Sikubabaika hata kidogo, mimi si yule wa wiki mbili zilizopita. Nimezipitisha kwenye ile tovuti ya kusafisha nyuso. Zimerudi zinametameta, kila kigae kina maua madogo ya rangi ya dhahabu ambayo hatuyauzi, wala sijui kama kuna kiwanda kinachoyatengeneza. Zimependeza mno! Nimeziweka zote kwenye video, meneja ameisambaza, na tayari hoteli moja imeagiza vya kutosha sakafu nzima. Nimempongeza.