Mnyoo Ana Ukoo, Ishengoma Ana Maganda

Habari ilitangazwa redioni saa saba mchana. Saa tisa Mutalemwa, tunayemwita Redio Mbao, alikuwa ameshaifikisha kwenye benchi la dukani kwa Yunus, hapa Rwamishenye. Ilikuwa imenenepa njiani.

"Wazungu wamechota tope chini kabisa ya bahari," alisema hata kabla ya kukaa. "Humo mna minyoo midogo, punje ya ulezi kwao ni mlima. Wanaipima DNA, kila mmoja wanamjua jina na ukoo."

Ishengoma alitema maganda ya kahawa kwenye jani la mgomba. Kijiweni tunamwita Kamati, maana hakuna msiba asioushikia uenyekiti, na miaka ile misiba haikutupa nafasi ya kufua kanga. Tulikuwa tunatafuna akamwani, ile kahawa yetu ya kuchemshwa na kukaushwa: unatafuna, maganda unatema.

"Upuuzi!" akasema. "Vita vya Amini vilitumaliza, Ukimwi huu unakomba makombo, hospitali haina hata aspirini, wao wanatafuta ukoo wa mnyoo!"

"Sisi kisiwani mnyoo ni chambo," akadakia Shilogile, mvuvi Msukuma wa visiwa vya Muleba. Tunamwita Sangara kwa upana wa mdomo. Naye akatema yake upande wa pili wa jani. "Hatumuulizi baba yake nani."

"Hamjasoma ninyi!" akasema Redio Mbao. "Minyoo miwili inafanana kama mapacha, hata kwenye darubini. Vitabu vikasema ndugu. Kuja kupima, kumbe hata salamu hawapeani!"

"Nani kawaambia? Balozi wa nyumba kumi?"

"Mwilini mna maandishi, Kamati. Kipande cha mkia kinatosha. Kwa mtu, hata mate."

Hapo mimi, bibi kizee wanayeniita mae, yaani mama, nikaacha kutafuna.

Mdogo wake Ishengoma tulikuwa tumemzika mwezi wa tatu. Aliacha mjane, Joviana, mtoto wa miaka minne, Rweyemamu, na kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Jumapili ukoo ungekutana, na Ishengoma alikuwa ameshapita nyumba kwa nyumba akinong'ona kwamba mtoto si damu yao, kwa hiyo kibanja kirudi kwake.

"Kamati," nikamwita kwa upole, "Rweyemamu si wenu, eti?"

"Si wetu, mae. Ile pua umeiona? Ya wapi ile?"

"Pua sijui," akasema Sangara, "ila masikio yanapepea kama yako."

"Nyamaza, mla dagaa!"

"Redio Mbao," nikauliza, "mate ya baba mkubwa nayo yanasomeka?"

"Ya baba mkubwa? Sana! Damu si ile ile?"

"Basi kwisha." Nikalivuta jani, nikazoa maganda, nikamwomba Yunus karatasi ya kufungia sukari. "Mjukuu wangu anarudi chuoni Dar es Salaam Jumatatu jioni na lori la kahawa. Atawapelekea maprofesa wake. Wakimaliza minyoo, watakusoma wewe."

Ishengoma akacheka. Halafu hakucheka. Punje iliyokuwa mdomoni akaimeza na ganda lake, machozi yakamtoka.

"Mae, utani basi. Nirudishie maganda yangu."

"Ya nini? Si umesema upuuzi?"

"Maganda ni mali ya mtu, jamani waitu!"

"Na kibanja je?"

Yunus akaangusha jiwe la mzani kwa kicheko.

"Nitakuletea rubisi ya ndizi zangu, debe zima!"

"Pokea, mae, tunywe!" akaomba Redio Mbao.

"Debe dogo," nikajibu. "Kibanja cha Joviana kina migomba mingapi?"

Ishengoma akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Tangu tumjue, hajawahi kuiacha kahawa kwenye sahani ikiwa ya bure.

Jumapili ukoo ulikaa. Akamwani ikapitishwa kama ilivyo desturi: unachukua punje, ndipo unasema. Ishengoma akakunja mikono, maganda yake yasije yakazolewa tena. Mhaya mzima, anakataa akamwani mbele ya ukoo wake! Wazee wakatazamana, wakamtazama. Jasho likamshika. Akakohoa, akasema amefikiri sana, mtoto ni wa marehemu, masikio yenyewe yanajieleza. Joviana alipiga magoti akaushukuru ukoo, si Ishengoma. Akarudi kupalilia migomba yake.

Jumatatu asubuhi Ishengoma huyo mlangoni kwangu, hata kiti hakutaka.

"Nimesema kweli, mae. Sasa lete kikaratasi."

Nikampa. Akakitupa kwenye moto wangu, akakisimamia mpaka kikawa majivu, kisha akavuta pumzi kama aliyepona.

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Pale kwenye benchi macho yangu ya uzee yalinipoteza, nikazoa maganda ya upande wa Sangara, si yake. Maprofesa wangeyasoma yale, sasa hivi Rweyemamu angekuwa na baba mkubwa kisiwani, anamtumia dagaa.