Uhuru Wangu wa Samadi

Alhamisi, 6 Juni
Nimetangaza uhuru! Wanawake wa ushirika wanafinyanga samadi ya ndama juu ya mbao, mapambo ya matuta yaleyale ya bibi zao, kisha wanayapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mimi, Telesifori, nitafinyanga roho yangu. Jumatano Mama Kabagwira, mkuu wa ushirika, atapita na Mzee Ruzindana majumbani kuchagua ubao mmoja wa mapokezi ya nyumba mpya ya wageni ya mzee. Ukuta ule ni wangu.

Mke wangu Veneranda naye anafinyanga, nyuma ya jiko, huku akiimba. Anasema hashindani na mtu, anajifurahisha tu. Maskini! Hana malengo.

Ijumaa, 7 Juni
Roho yangu inataka nini? Nimeisubiri hadi mchana, kimya. Nikaenda kumdodosa Mama Kabagwira. Anapenda nyekundu. Ajabu, hata roho yangu! Jioni, kwenye pombe ya ndizi, Mzee Ruzindana akasifu ng'ombe wenye pembe ndefu. Roho ikafunguka papo hapo. Ng'ombe wekundu!

Jumamosi, 8 Juni
Veneranda kaniamsha alfajiri twende zizini. Eti samadi ya ndama ni laini, haina majani, na lazima itiwe majivu, wadudu wasikae. Nikamjibu kwamba msanii huru hapangiwi samadi. Nikalala. Jua lilipokuwa kali nikazoa ya Bihogo, ng'ombe wetu mkubwa. Ipo tele, ya tangu juzi. Majivu sikutia, yananiharibia kucha.

"Baba Keza, utakuja kulia," akasema, akarudi kwenye nyimbo zake. Wivu huo!

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa mzee kasema ng'ombe wamemchosha, kila mtu anamletea ng'ombe. Wangu wa ubaoni nimewakata pembe na miguu. Sasa ni vilima. Tangu utotoni nilitaka vilima.

Jumatano, 12 Juni
Aibu! Mama Kabagwira alipousogelea ubao wangu, kilima kimoja kilitikisika. Akatoka mbawakawa. Kisha mwenzake. Mzee Ruzindana akarudi nyuma mpaka mlangoni. Nikawaeleza kuwa hii ni sanaa yenye uhai.

Mama Kabagwira hakucheka. Akaniuliza polepole, "Telesifori mwanangu, hebu nionyeshe, ni wapi hapa ulipofurahi?" Nikatafuta. Sikupaona. Iliniuma sana.

Wakaenda jikoni kunawa mikono, wakauona ubao wa Veneranda juu ya mlango. Mzee akauomba palepale. Mke wangu akakataa! Akasema huo ni wake, anapenda kuutazama akimenya ndizi. Ukuta mzima wa mapokezi, anakataa! Mzee akasema basi, atarudi mwezi ujao kutazama tena mbao za watu.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeamka na akili mpya. Kosa langu nimeliona: kumbe siri ni kufurahi! Nimemtaka Veneranda anieleze anafurahi akiwa amekaa vipi, anaanza na kidole kipi, na wimbo ni upi.

"Baba Keza, niache nifanye kazi yangu," akanijibu.

Anaficha! Basi nimejibanza nyuma ya jiko, nimekariri wimbo wote na mahali anapotabasamu. Nimejaribu tabasamu hilo mbele ya kioo, linakaa vizuri. Kesho naanza kufurahi rasmi. Nitafurahi asubuhi na jioni, kwa sauti, dirisha likiwa wazi upande wa kwa Mama Kabagwira. Nitafurahi mpaka Veneranda akome!